Naomba ushauri: kutafsiri nyimbo za benga kwa mashabiki wenzangu

Hamjambo wapendwa. Sisi mashabiki wa benga hapa Kisumu huandika maneno ya nyimbo za Kidholuo, tukayatafsiri kwa Kiswahili na kugawiana bure. Kozi ya bure mtandaoni ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, imenifunza kwamba hata tafsiri huhitaji idhini ya mwenye haki. Kozi nyingine niliyoipata ni ya Kimarekani, na misamaha ya kule (matumizi yasiyohitaji idhini) si sawa na ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Nimemwandikia prodyusa mmoja, kimya. Nyimbo hizi nazipenda mno. Sitaki kuwadhulumu waliozitunga.

Hapa Kenya, mtunzi akishafariki, hakimiliki hudumu miaka 50 zaidi. Je, idhini ya kutafsiri naiomba kwa familia au kwa aliyerekodi? Na kuna kozi ya bure inayofundisha sheria yetu ya Kenya?