Jiwe la kijani lenye mishipa mikubwa kwa kaunta ya jikoni: niliweke wapi?

MamaWawili_Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Tunamalizia nyumba Kigamboni, na jiko letu halina ukuta kati yake na sebule. Kaunta ya katikati ina urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 90. Kwenye yadi moja ya mawe nimeona bamba la kijani kilichokolea, mishipa myeupe mipana inalikatiza kutoka kona hadi kona. Muuzaji anasema ni granaiti. Nimelipenda mno, kila usiku naangalia picha yake kwenye simu.

Mume wangu anataka granaiti nyeusi kila mahali, anasema haionyeshi uchafu. Kabati zimeshachongwa, za mninga.

Ninachotaka ni mgeni akiingia, jicho lake litue kwenye jiwe hilo. Lakini jikoni kwangu panapikwa kweli: samaki, ukwaju, limau, manjano. Je, niliweke kaunta zote au ya katikati tu? Na wanaoniambia nilishushe kwenye ncha mbili za kaunta mpaka sakafuni, inafaa?

FundiMawe
Dada, hongera kwa kufika hatua hiyo. Kukata mawe ndiyo kazi yangu, kwa hiyo naanza na jiwe lenyewe.

Kijani chenye mishipa mipana myeupe mara nyingi si granaiti, hata muuzaji akiita hivyo. Granaiti ukiisogelea unaona punje za madini zimeshikana. Omba kipande cha masalio ya bamba hilohilo, nenda nacho nyumbani. Kikamulie limau, acha nusu saa, futa, kisha kiinamishe kwenye mwanga ukitazame. Halafu kikwaruze kwa ncha ya kisu. Granaiti ya kweli haipati alama kwa limau wala kwa kisu. Ukiona mishipa myeupe imepoteza mng'aro, hiyo ni kalsaiti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa, na asidi huyala. Ile dawa ya kupaka juu ya jiwe inasaidia mafuta na manjano yasipenye. Limau haizuii, na muuzaji akikuahidi kwamba inazuia usimsikilize.

Sasa mahali. Mgeni wako atakaa kwenye kochi. Kaunta ina kimo cha sentimita 90 hivi, na macho ya mtu aliyekaa yako juu ya hapo kidogo tu. Uso wa juu wa kaunta atauona kama utepe mwembamba. Kinachomkabili ni ubavu mrefu unaotazama sebule, na huo ndio wengi wanaufunika kwa mbao yoyote iliyobaki! Mimi jiwe lako ningeliweka kwenye ubavu huo.

Kushusha kwenye ncha: mabamba mengi yana urefu wa karibu mita 3. Ili mishipa ishuke bila kukatika upande huu na ule, unahitaji 2.4, jumlisha 0.9 mara mbili, yaani mita 4.2. Haifiki. Utaleta kipande kingine na mchoro utavunjika konani, mbele ya macho ya kila mtu. Lakini bamba likiwa na upana wa mita 1.9, linagawanyika vizuri kwa urefu: nusu moja juu, nusu ya pili ubavuni, na mshipa unavuka ukingo ukaendelea kushuka. Ukifanya hivyo viti virefu vihamie kwenye ncha, kwa sababu upande wa sebule hautakuwa na pa kuingiza magoti.

Hiyo ni kama limau halikuliharibu. Likiliharibu, ubavu peke yake, na juu weka nyeusi ya shemeji.

ShangaziTanga
Fundi kasema vyema. Mwanangu, mimi naongezea maji. Kama mtatumia ya kisima na yana chumvi, granaiti nyeusi inayong'aa sana itakuonyesha kila tone lililokaukia hapo, madoa meupe kuzunguka sinki asubuhi na jioni. Omba ile iliyosuguliwa bila kung'arishwa. Nyeusi haifichi uchafu jinsi mumeo anavyodhani. Vumbi la unga linaonekana palepale.

Na huo mninga unanitia wasiwasi. Una mistari yake mikali, jiwe nalo lina yake, vitagombana. Kama bado hujapiga vanishi, kabati za karibu na kaunta zipakwe rangi moja tulivu, mninga ubaki ukuta wa mbali. Taa ziwe za mwanga wa njano kidogo.

Mjenzi_Moro
Bajeti ikikubana kuna terazo. Fundi anamwaga kaunta palepale kwa saruji na chipsi za mawe ya kijani na meupe, anasugua mpaka ing'ae. Haina maungio hata kona zikiwa tatu. Nayo usiikamulie limau, saruji inaliwa vilevile.

MamaWawili_Kigamboni
Asanteni sana, shikamoo shangazi. Nimepata kipande na kujaribu. Kijani kimebaki vilevile, mishipa myeupe imefifia kabisa pale limau lilipokaa, na kisu kimeacha mstari. Basi ni ubavu wa sebuleni, na juu nyeusi isiyong'aa. Mume wangu amefurahi kuliko mimi! Fundi, huo ubavu unashikwa na nini? Fundi wangu wa hapa anasema gundi inatosha.

FundiMawe
Haitoshi, dada. Jiwe la milimita 20 lina kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba, na ubavu wako ni kama mita 2.16 za mraba. Hizo ni kilo 117 hivi, na watoto watauegemea. Jiwe lisimame juu ya sakafu yenyewe, uzito wote uende chini. Nyuma yake pajengwe tofali, si chipubodi, na juu lishikwe kwa vyuma vya pembe vitakavyofunikwa na ile nyeusi. Gundi ije baada ya hapo.

Tundu la soketi likatwe yadi, kwa mashine ya maji. Asikubali mtu kukata kavu ndani ya nyumba, hasa ile granaiti: vumbi lake lina silika, linaharibu mapafu na hayaponi. Na kabla hawajakata chochote, nenda mwenyewe na chaki, uwachoree kwenye bamba ni mshipa upi unataka uangukie katikati.