Gari jeusi, jua la Kampala: nta ya karnauba, silanti, au zote mbili?

Mwalimu wa Bweyogerere
Habari zenu wapenzi wa magari. Nina Forester nyeusi iliyotoka Japani. Ikioshwa asubuhi inapendeza, ila jioni, baada ya vumbi la barabara ya Jinja na jua la mchana kutwa, boneti inapauka. Ninachotaka ni mng'ao wa ndani, ule wa kutazama mlango ukaona mawingu. Dukani nimeonyeshwa vitu vitatu: nta ya karnauba ya kopo, silanti ya majimaji, na dawa ya kupulizia yenye neno "seramiki". Muuzaji anasema vyote kazi yake moja. Nichukue ipi? Na kama zinapakwa moja juu ya nyingine, inatangulia ipi?

Fundi wa Ntinda
Karibu Mwalimu. Kazi yake si moja.

Karnauba ni nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti hujipaka nta hiyo ili jani lisikauke wakati wa kiangazi. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, na ikiwa peke yake ni ngumu mno, haipakiki. Kwa hiyo ndani ya kopo wameichanganya na vimumunyisho, mafuta na nta nyingine laini. Kopo likiandikwa "karnauba asilimia 100" linataja aina ya nta, si kila kilichomo. Uzuri wake ni kwamba inaipa rangi nyeusi, nyekundu au ya damu ya mzee ule mwonekano wa kulowa. Ubaya wake ni kwamba haidumu: wiki nne hadi nane kwa kawaida, na kwa gari linaloegeshwa juani kila siku, mimi nahesabu nne.

Silanti ni polima za kiwandani. Inashika kwenye rangi yenyewe, na watengenezaji wengi huahidi miezi minne hadi sita. Mng'ao wake ni mkali na safi, wa kioo, lakini hauna ule ujoto wa karnauba.

Mpangilio: silanti chini, nta juu. Ukianza na nta, mafuta yake yanaizuia silanti kushika. Ni sawa na kupaka ukuta samli halafu ukatafuta rangi ikae. Na usiharakishe. Silanti nyingi zinataka saa 12 hadi 24 zikaze kabla ya kuwekewa chochote juu, na muda huo gari lisinyeshewe. Miezi ya Machi hadi Mei tafuta mahali penye paa, la sivyo kazi yako itaondoka na mvua ya saa kumi.

Mama Harrier, Mbarara
Fundi nakuheshimu, lakini hilo la nta juu linategemea rangi ya gari. Langu ni la fedha. Nimelipaka silanti peke yake, na nimelipaka silanti na nta, nikalitazama juani na kivulini: sioni tofauti ya kulipia kopo la pili. Chembe za metali kwenye rangi ya fedha zinarudisha mwanga zenyewe, na silanti inaziacha zionekane wazi. Mwenye gari jeupe au la fedha akae na silanti, fedha inayobaki anunue vitambaa vizuri vya maikrofaiba. Mwalimu wewe ni mweusi, yaani gari lako, hilo ni jambo lingine.

Fundi wa Ntinda
Nakubaliana nawe dada. Kwa fedha na nyeupe hata mimi siweki nta mpaka mwenyewe aombe.

Dereva wa Arua
Mimi natembea murram, barabara za udongo mwekundu zisizo na lami, kila wiki, na kwetu hoja ni vumbi kuliko mng'ao. Nta zile laini zenye mafuta mengi zinakamata vumbi jekundu, hasa siku mbili tatu za kwanza. Silanti iliyokaza vizuri inaliacha liteleze. Kwa hiyo kura yangu ni silanti mara mbili, bila nta. Tabaka la pili si la kuongeza unene. Linaziba sehemu ambazo mkono uliziruka mara ya kwanza. La tatu sijaona faida yake.

Nawasihi pia, vumbi likikaa juu ya gari msilifute kwa kitambaa kikavu. Mchanga wa murram unakwaruza, na ile mistari ya mviringo unayoiona gari jeusi likiwa juani, kama utando wa buibui, inazaliwa hapo. Maji kwanza, mengi, ndipo sifongo.

Nalubaale, Entebbe
Ningependa kuitetea karnauba kidogo. Mimi napaka kila mwezi, Jumapili baada ya ibada, na kwangu kule kurudia si adhabu. Unalipitia gari lote kwa mkono, unagundua jiwe limebandua rangi wapi, kutu inaanzia wapi. Huku ziwani tuna wale wadudu wadogo wanaokuja kama wingu, wakikauka kwenye pua ya gari wanang'ang'ania. Penye nta mpya wanatoka kwa maji tu. Na kwa rangi nyeusi, jamani, sijaona silanti inayofikia karnauba jua linapozama.

Ila kama Mwalimu anaegesha Wandegeya au upande wa Makerere chini ya miti wanakokaa kaloli, wale ndege wakubwa, asitegemee nta wala silanti. Kinyesi cha ndege wale kikikauka juani kinaila kliya, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, na hakuna kopo litakalozuia. Kiloweshe na ukitoe siku ileile.

Mwalimu wa Bweyogerere
Asanteni sana. Na hii ya kupulizia ya seramiki? Halafu nyumbani nina chupa ya polishi ya supamaketi iliyoandikwa "safisha na nta kwa pamoja". Naweza kuitumia kama tabaka la juu?

Fundi wa Ntinda
Chupa hiyo usiiweke juu ya silanti hata kidogo! Zile za "safisha na nta" zina dawa ya kusafisha au unga laini wa kukwangua, na vitu hivyo vitaiondoa silanti uliyoipaka jana. Zina kazi yake: gari lililopauka, ukiwa na saa moja tu. Lakini zinakaa peke yake.

Ya kupulizia ina silika kidogo. Ni nyepesi na rahisi, maji yanakimbia vizuri, na inafaa kuongezea nguvu silanti baada ya kuosha. Isichanganywe na seramiki kamili ya kupakwa gereji, ambayo ikishakaza haitoki ila kwa kupiga polishi upya. Hiyo inahitaji rangi irekebishwe kwanza kwa mashine, kwa sababu mikwaruzo iliyopo itafungiwa humo humo.

Na hapa ndipo niseme lililo moyoni mwangu. Watu wanabishana makopo, kumbe mng'ao mwingi unatoka kwenye rangi yenyewe kabla kopo halijafunguliwa. Osha. Kisha vaa mfuko laini wa nailoni mkononi, upitishe vidole juu ya boneti ingali imelowa. Ukihisi vijichembe kama mchanga, pitisha udongo wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni. Halafu polishi laini, kwa mashine ukiweza. Futa mafuta ya polishi kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, ndipo silanti ikutane na rangi tupu. Usikwangue kila mara, maana kliya ni nyembamba, kwa magari mengi mikroni 40 hadi 50 tu. Mara moja kwa mwaka inatosha.

Kupaka kwenyewe: kivulini, bati likiwa baridi, tabaka jembamba mpaka uliinamie ndipo ulione. Kiasi cha sarafu ya mia tano kinatosha boneti nzima. Ukipaka nene, unapoteza dawa na unajiumiza mkono kufuta.

Mama Harrier, Mbarara
Naongeza hili: sabuni. Vijana wengi wa kuosha magari wanatumia sabuni ya unga ya nguo. Inakata mafuta, na nta ndiyo ya kwanza kuondoka. Nunua shampuu ya magari, uipeleke mwenyewe, na kitambaa chako pia. Hawakatai ukiwaomba vizuri.

Mwalimu wa Bweyogerere
Basi nimeamua. Udongo na polishi Jumamosi hii kwenye gereji ya shemeji yangu yenye paa, silanti jioni, ilale humo, Jumapili tabaka jembamba la karnauba. Nta nitarudia kila mwezi, silanti kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Dereva, nikisafiri kuja Gulu au Arua nitaacha nta, nije na silanti tupu.

Dereva wa Arua
Sawa ssebo. Zile plastiki nyeusi za pembeni za Forester zizibe kwa tepu kabla hujaanza. Nta ikikauka pale inabaki nyeupe, na kuitoa ni kazi ya mswaki.