Nyumba ya Bibi Mbweni (kikundi cha ukoo)

ALHAMISI

[18:52] Da Agnesi: Habari za jioni jamaa. Babu Danieli shikamoo, Mjomba shikamoo. Natoka kwa Bibi sasa hivi. Kasema Jumapili hataki Padri amletee Komunio kitandani. Anataka apelekwe Mkunazini, Kanisa Kuu, Misa ya asubuhi. Kalisema mara tatu na Neema shahidi.

[18:54] Da Agnesi: Kwa hiyo nataka majibu leo leo. Gari la nani? Nani wa kumbeba? Nani atalala pale Jumamosi amsaidie Neema? Mchango nitautaja baadae.

[19:41] Da Agnesi: Tiki za buluu naziona.

[19:58] Petro: Noah yangu ipo. Ila mlango wa pembeni siku hizi unafunguka kwa ndani tu. Lazima mmoja aingie kwa dirishani kwanza 😂

[20:01] Lusi Dar: Huyo mmoja awe Mjomba Silvesta 😂😂

[20:02] Mjomba Silvesta: Kwa tumbo hili? Labda mnikatie dirisha jengine.

[20:03] Lusi Dar: 😂😂😂

[20:06] Da Agnesi: Nazungumza habari ya mgonjwa, nyie mnacheka. Petro, mlango utatengenezwa kabla ya Jumapili au hautatengenezwa?

[20:15] Mjomba Silvesta: Usikasirike mwanangu. Mimi nauliza jambo moja. Mtakatifu Yohana si iko hapa hapa Mbweni? Mama kaisali miaka yote. Ukitoka uani unaiona. Kwa nini tumburure mpaka mjini, foleni yote ile ya Kiembesamaki, na mgongo wake ule?

[20:22] Neema: Shikamooni wote. Kidonda cha mgongo kimefunga, Mjomba. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili, mie usiku na Bi Mwanaidi mchana. Kukaa anaweza, akiwekewa mto upande wa kushoto. Tatizo ni kumeza. Maji matupu yanampalia. Uji mzito unapita vizuri, ila lazima awe amekaa wima.

[20:24] Neema: Na Padri anajua. Akija humchovyea kipande kidogo kwenye kikombe, hampi divai kunywa.

[20:25] Neema: Kuhusu kwa nini Mkunazini, jana usiku nilimuuliza. Kasema anataka kuwekwa mbele ya lile duara la marumaru, pale mbele ya altare. Kasema watu waliofungwa pale wakapigwa walikuwa na miili iliyoishiwa nguvu kuliko wake, na Mungu kaweka meza yake hapo hapo. Kisha kasema mama wa bibi yake aliuzwa pale.

[20:31] Mjomba Silvesta: Hakuuzwa pale. Soko la watumwa la pale lilifungwa 1873. Yeye alitolewa jahazini akiwa mtoto, manowari ya Kiingereza ikalikamata jahazi, ndio wakaletwa Mbweni kwa wamisionari. Marehemu baba alikuwa akilieleza hili kila Krismasi.

[20:33] Petro: Kila Krismasi, mpaka wali unapoa.

[20:34] Da Agnesi: Aliuzwa hakuuzwa, Bibi anataka kwenda Mkunazini. Nani anabeba?

[21:10] Da Agnesi: Watu wote hawa humu, kimya.

[21:26] Bi Mwanaidi Jirani: Asalaam aleikum jamaa. Mie mwanangu wa kiume yupo, ana nguvu, atakuja kumtia garini. Kuoga nitamuogesha mie Jumamosi jioni kama kawaida. Kanga yake ya njano nshaipiga pasi. Lakini kuna jambo Neema hasemi. Neema sema.

[21:29] Neema: Bibi anataka kufunga. Kasema hajawahi kupokea Komunio na kitu tumboni tangu alipopata Kipaimara, na hataanza sasa.

[21:30] Da Agnesi: HAIWEZEKANI. Akichoma sindano ya sukari bila kula, sukari itashuka, atatuzimikia humo kanisani.

[21:32] Neema: Nimemwambia. Kasema basi asichome.

[21:33] Da Agnesi: Na hiyo pia haiwezekani!! Tumeshaona kilichotokea alipoacha sindano. Kidole cha mguu kimekwenda wapi? Mnakumbuka au niwakumbushe?

[21:37] Bi Mwanaidi Jirani: Hata sie Ramadhani mgonjwa kapewa ruhusa ale. Mungu si mkali kama watu wanavyomfanya.

[21:40] Mjomba Silvesta: Padri alishamwambia kuwa mgonjwa hafungi. Mimi nilikuwepo.

[21:44] Da Agnesi: Bibi huwasikiliza watu wa maombi tu. Na mwenyewe aliyempeleka kwenye hayo maombi yumo humu, anasoma, hajibu.

[21:45] Petro: Da Agnesi, hayo tuyaache usiku huu.

[21:46] Da Agnesi: Tumeyaacha toka ile Krismasi. Mwanamke kapooza upande mmoja, mnampakia boti mpaka Dar, mnamsimamisha mbele ya umati, mnamwambia imani yako ndogo ndio maana huinuki. Bibi! Imani ndogo! Aliyetufundisha Baba Yetu sote humu! Akarudi hana dawa hata moja mfukoni.

[21:52] Lusi Dar: 🙏🙏

[21:53] Da Agnesi: Lusi, hiyo mikono si jibu.

IJUMAA

[06:14] Joeli: Bwana Yesu asifiwe familia. Nilikuwa lindoni, nimesoma usiku wote. Da Agnesi, mimi sitabishana na wewe hapa. Nilimpeleka kwa kumpenda. Dawa sikuzitupa mimi. Na bado naamini Mungu anaponya.

[06:40] Mjomba Silvesta: Nani humu haamini? Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Padri kampaka Mama mafuta, sote tukapiga magoti, na kabla ya kutoka Padri mwenyewe kauliza, dawa za asubuhi kanywa? Insulini si adui wa Roho Mtakatifu, Joeli.

[06:43] Joeli: Sijasema ni adui.

[06:44] Da Agnesi: Waliokuwa na kipaza sauti walisema.

[07:20] Babu Danieli Wete: NANI ANAFANYA NINI JUMAPILI. MANENO MENGI SIELEWI

[07:22] Petro: Shikamoo Babu. Bibi anataka kwenda Kanisa Kuu. Bado tunapanga.

[07:25] Babu Danieli Wete: MARAHABA. YEYE MWENYEWE MMEMUULIZA VIZURI AU MNAMSEMEA

[12:48] Da Agnesi: Mchango: mafuta ya gari, na kiti cha magurudumu ikibidi tukodi. Elfu ishirini kila nyumba. Nimepokea ya Mjomba na ya Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi si Mkristo wala si ukoo, na katangulia kuliko wajukuu. Nalisema hili makusudi.

[12:50] Bi Mwanaidi Jirani: Usinitie kwenye ugomvi wenu mwanangu. Bibi alimpokea mwanangu wa kwanza kwa mikono yake usiku wa mvua. Hiyo elfu ishirini si kitu.

[16:05] Lusi Dar: Mimi mwisho wa mwezi jamani.

[16:06] Petro: Mwisho wa mwezi upi dada 😂 huu au ule wa mwaka jana?

[16:07] Lusi Dar: Petro tengeneza mlango kwanza.

[20:37] Neema: 🎤 Sauti (4:11)

[20:38] Neema: Hiyo ni ya Bibi. Alinisikia nikimsomea Bi Mwanaidi ujumbe wa kikundi, akaniambia nipe hiyo simu.

[20:39] Mjomba Silvesta: Babu hasikii sauti za simu. Iandike mwanangu, yote, usikate.

[21:02] Neema: Nimeandika alivyosema. Ulimi mzito kwa hiyo pengine nimekosea neno.

"Danieli ndugu yangu, hujambo huko Wete. Mie nipo. Nasikia mnagombana kwa ajili yangu, na huyo Agnesi sauti yake naisikia hata kwenye maandishi.

Sikilizeni. Sijaomba kupelekwa Mkunazini nikapone. Kupona nimeshaomba. Mwaka ule wa kwanza sikuomba jengine, usiku na mchana, mguu Bwana, mkono Bwana. Sikatai kuponywa, akitaka yupo. Lakini usiku mmoja nilichoka kuomba habari yangu, nikaanza kukutajeni nyinyi. Silvesta na presha yake. Lusi na watoto wake huko Dar, peke yake. Agnesi asiyelala kwa kutusimamia sote. Joeli. Nikaenda mmoja mmoja, adhana ya alfajiri ikanikuta bado sijamaliza, nimefika kwa Petro. Na usiku wa pili nikaanzia kwa Petro.

Nikaona, kumbe kazi ninayo! Mkono haushiki kijiko, lakini kazi ninayo, na hakuna wa kuninyang'anya. Mtume Paulo kasema utu wa nje unachakaa. Wangu mnauona, mnaugeuza nyinyi wenyewe na kuuosha. Huo wa ndani hamuuoni. Mie nauona. Una nguvu kuliko nilipokuwa nachota maji kisimani na Silvesta mgongoni.

Basi nataka nikaseme ahsante mbele ya altare. Nilibatizwa nikiwa mchanga, sikusema kitu. Niliolewa, nilikuwa naona haya, sikusema kitu. Sasa nina la kusema.

Habari ya kufunga, Padri kasema nile, nitakula. Kikombe kimoja cha uji na sindano yangu. Ilikuwa vigumu kwangu kulikubali hilo kuliko kukatwa kidole, lakini nimelikubali, msilirudie.

Na Joeli ndiye anibebe. Mtoto wa Mwanaidi Mungu ambariki, asaidie kiti. Kunibeba ni Joeli. Alinibeba kwenda kule, akanibeba kurudi, na njia nzima ya boti alinipakata nisiumie. Simdai kitu. Agnesi, na wewe usimdai kwa niaba yangu."

[21:09] Mjomba Silvesta: Mama.

[21:15] Babu Danieli Wete: NIMESOMA MARA MBILI. DADA AMEMALIZA. MIMI NAPANDA BOTI KESHO MUNGU AKIPENDA. ASIYE NA MKONO WA KUBEBA ASIFUNGUE KINYWA JUU YA JOELI

[21:16] Petro: Sawa Babu.

[21:16] Lusi Dar: Sawa Babu. Nimetuma elfu ishirini sasa hivi.

[21:17] Mjomba Silvesta: Sawa.

[21:50] Joeli: Nitakuja. Jumamosi nipo lindoni, natoka saa kumi na mbili asubuhi Jumapili. Kutoka Mwanakwerekwe mpaka Mbweni nadhani nitawahi. Mwambieni Bibi nitawahi.

[22:04] Da Agnesi: Usipande daladala. Petro akufuate kazini kwako, kisha mje pamoja. Nitakuwekea chai.

[22:05] Joeli: Ahsante dada.

[22:08] Petro: Nikimfuata Joeli Mwanakwerekwe saa kumi na mbili, Babu atachukuliwa na nani? Maana atalala kwa Mjomba, na Mjomba hana gari.

[22:09] Mjomba Silvesta: Babu na mimi tutakuja na bodaboda.

[22:10] Da Agnesi: Babu na umri wake juu ya bodaboda? Hapana. Nitafikiria.

[22:14] Bi Mwanaidi Jirani: Babu wa Pemba alale kwangu, chumba cha uani kipo. Atakuwa ameshafika mlangoni kwa dada yake.

[22:15] Da Agnesi: Mungu akuzidishie Bi Mwanaidi. Babu umeona?

[22:20] Da Agnesi: Babu ameshalala. Sasa kiti. Akina mama wa kanisa wanacho kimoja ila nasikia kipo kwa mgonjwa mwengine Tomondo. Nani ana namba ya mwenye dhamana? Na pale Mkunazini gari linaruhusiwa kufika mpaka mlangoni au tunamshushia nje getini? Nani anajua kwa uhakika?

[22:24] Lusi Dar: Nilipokuja Pasaka magari yalikuwa ndani. Ila ilikuwa Pasaka.

[22:26] Da Agnesi: Hilo si jibu Lusi.

[22:31] Mjomba Silvesta: Namba ya mwenye kiti ninayo. Napiga, hapokei. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe Tomondo.