Wanafunzi warudishwe katika Baraza la Chuo Kikuu cha Umma, na kwa masharti gani?

Mwandishi wa Waraka:

Salaam wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Nairobi, na nimo katika kamati ndogo ya chama chetu iliyopewa kazi ya kuandika waraka wa mapendekezo kwa Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa. Ombi letu kuu ni kwamba wanafunzi wapewe nafasi katika mabaraza yanayosimamia vyuo vikuu vya umma.

Kwa wasiofuatilia jambo hili, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, katika kifungu cha 36, iliunda baraza la watu tisa: mwenyekiti, makatibu wa wizara wawili (wa elimu ya vyuo vikuu na wa fedha), watu watano wanaoteuliwa na Waziri kwa njia ya wazi, na naibu chansela ambaye huingia kwa wadhifa wake. Mwanafunzi hakutajwa. Kifungu cha 41, ambacho ndicho kinachohusu chama chetu, kinaturuhusu kutoa mapendekezo kwa seneti ya chuo, yaani chombo cha masuala ya kitaaluma, kuhusu ustawi wa wanafunzi, ilhali fedha na mali ya chuo zimo mikononi mwa baraza. Kwa hiyo kila tunapolalamikia ada za mabweni tunabisha hodi katika nyumba ya jirani, na jirani anatujibu kwa upole kwamba mwenye nyumba yuko upande wa pili.

Ndani ya kamati tumegawanyika. Wengine wanataka viti viwili vyenye kura kamili. Wengine wanahofu kwamba Bunge litaona tumedai makubwa, na wanapendekeza tuombe nafasi ya mwangalizi mmoja asiye na kura. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kuketi katika vikao hivyo, na kwa wanaojua nchi jirani zinafanyaje.

Komredi Mstaafu:

Mwanangu, kiti hicho mnachokitafuta nilikikalia. Kabla ya sheria ya 2012, vyuo vya umma vilikuwa na sheria zake kimoja kimoja, na sheria ya chuo chetu iliwapa wanafunzi viti katika baraza. Nilichaguliwa nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nikaazima koti la binamu yangu, nikaingia chumbani nikidhani nimefika penye maamuzi.

Mezani nilikuta kabrasha la kurasa zaidi ya mia mbili ambalo wajumbe wengine walikuwa wamelipokea wiki nzima kabla. Nilipofika katika ukurasa wa ada za malazi, mwenyekiti alikuwa amekwisha kupita hapo kwa maneno machache tu: kamati ya fedha imelijadili na inapendekeza lipitishwe. Uji ulikuwa umepikwa kwingine. Sisi tuliitwa kuunywa. Katika kamati hiyo ya fedha hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja, na hakuna aliyekuwa amevunja sheria, kwa sababu sheria ilitaja baraza pekee na kunyamaza kuhusu kamati zake.

Jambo la pili ni mlango wa kutokea. Sheria zile zilikuwa na ibara iliyomzuia mwanafunzi kushiriki katika mambo ambayo mwenyekiti ameyaona kuwa ya siri na yanayohusu nidhamu ya wanafunzi, matokeo ya mitihani na mengineyo ya aina hiyo. Kwamba nisione matokeo ya mwenzangu ni haki kabisa. Lakini maneno hayo ya "mengineyo" yalikuwa mapana kama mlango wa gereji. Siku moja nilitolewa nje wakati wa mjadala wa mkataba wa kuendesha kafeteria, nikasubiri ukumbini karibu saa nzima pamoja na mhudumu aliyekuwa akingoja kuingiza chai. Yeye aliingia kabla yangu.

Na msisahau marupurupu ya kikao. Nilipopokea bahasha ya pili, makomredi walianza kuniita mtu wa utawala, na kusema kweli nami nilianza kuongea kama mtu wa utawala. Kwa hiyo shauri langu ni hili: kiti kimoja chenye kura ndani ya kamati ya fedha kina uzito kuliko viwili vya barazani visivyo na makabrasha. Uangalizi msiuombe kabisa.

Kuna wanaosema kwamba nafasi ya mwanafunzi ni katika maandamano. Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1982, alifungwa miaka kumi akafia gerezani. Wafula Buke, mwenyekiti wake wa baadaye, alifungwa baada ya chama hicho kupigwa marufuku mwaka 1987. Nawaheshimu mno, na ndiyo sababu nisingependa kijana mwingine aambiwe kuwa barabara ndiyo meza yake ya pekee.

Wakili wa Ngong Road:

Nakubaliana na ndugu Komredi kuhusu kamati, lakini kuna mtego wa kisheria ambao hakuutaja. Mjumbe wa baraza ana wajibu kwa chuo kizima, si kwa waliomchagua. Siku baraza litakapopandisha ada, naye amepiga kura ya kupinga, hataruhusiwa kutoka nje na kusimulia nani alisema nini. Waraka wenu useme waziwazi ni taarifa zipi anaweza kuwapelekea wenzake, la sivyo atakuwa amefungwa mdomo kwa heshima.

Kuhusu majirani, sheria ya Uganda ya 2001 inawapa wanafunzi nafasi katika mabaraza ya vyuo vya umma na kuzingatia jinsia. Sheria ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ya 1997 inataka baraza liwe na wanafunzi waliochaguliwa na baraza lao la uwakilishi, lakini pia inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu ambao si waajiriwa wala wanafunzi wa chuo hicho. Kigezo hicho cha pili kinajibu hofu ya wale wanaodhani wanafunzi watateka baraza, na ningekinakili bila aibu.

Idadi nayo itawasumbua. Mwongozo, yaani kanuni za utawala wa mashirika ya umma za 2015, unapendekeza bodi ya watu saba hadi tisa. Mkiongeza viti viwili juu ya tisa, Hazina itapinga kabla hamjamaliza kusoma ukurasa wa kwanza. Ni afadhali mwombe kimoja kati ya vile vitano vya Waziri. Kikatiba mnaye mtetezi, kwani Ibara ya 55 inaitaka Serikali ichukue hatua ili vijana wawakilishwe na kushiriki katika nyanja za kisiasa, kijamii na kiuchumi.

Halafu kuna muda. Tangu marekebisho ya 2016, viongozi wenu huchaguliwa kupitia wajumbe wa vitivo na idara, na hukaa mwaka mmoja. Bodi ya shirika la umma hulazimika kukutana angalau mara nne kwa mwaka. Mjumbe wenu atakuwa akijifunza kusoma hesabu katika kikao cha kwanza na kuaga katika cha nne.

Mzazi wa Umoja:

Mimi ninalipa karo ya wawili. Ninachoomba ni kwamba maamuzi ya baraza yabandikwe mahali tunapoweza kuyasoma. Sisi wazazi hupata habari mtoto anapopiga simu akiwa kituo cha basi na sanduku lake, kwamba chuo kimefungwa na ameamriwa aondoke.

Mwandishi wa Waraka:

Asanteni, wakubwa zangu. Neno "mwangalizi" nimelifuta. Tutaomba kiti kimoja chenye kura ndani ya vile vitano, pamoja na nafasi katika kamati ya fedha, na makabrasha yamfikie mjumbe wetu siku saba kabla ya kikao. Muda wake tunapendekeza uwe miaka miwili, hata kama uongozi wa chama umebadilika. Ombi la mzazi nimelipa ibara yake.

Ibara ya mambo ya siri ndiyo bado inatugombanisha. Wenzangu wawili wanataka ifutwe kabisa; mimi naona ibaki, lakini itaje matokeo ya mitihani na kesi za nidhamu peke yake, na neno "mengineyo" lisionekane popote. Tunakutana Alhamisi saa kumi jioni, na nitaileta rasimu hapa tukimaliza.