Heller za Mjerumani zimeota kijani, nizisafisheje bila kuziharibu?

Mjukuu_Mpwapwa: Wakuu, habari za jioni. Mafundi walikuwa wanachimba msingi wa uzio kwa baba mkubwa huku Mpwapwa, wakaibuka na kopo lililooza lenye sarafu. Nyingi ni heller, zina taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, mwaka niliousoma ni 1908. Moja ni kubwa ya fedha, imekuwa nyeusi, ina mtu amevaa kofia yenye ndege juu. Heller zina udongo mwekundu, chini yake kijani kilichokolea, kigumu chenye uso laini. Mbili zina unga wa kijani mpauko unaopukutika ukigusa. Baba mkubwa anataka zing'ae, ameshaagiza stiliwaya dukani. Naombeni ushauri haraka. Nawasilisha.

Bodaboda_AreaC: Ndimu na chumvi mkuu. Dakika kumi tu.

Fundi_Saa_Dom: Mleta mada, usithubutu. Ndimu, siki, ukwaju, soda, zote zina asidi. Zitang'oa hicho kijani na kukuachia sarafu ya pinki yenye vishimo. Kijani kigumu ni shaba yenyewe iliyogeuka taratibu ardhini, na ndicho kinachoilinda iliyobaki. Mara nyingi taji na mwaka vimebaki kwenye tabaka hilo hilo, ukilitoa umevitoa navyo. Halafu chumvi ndiyo sumu kabisa: kloraidi iliyomo ikikutana na unyevu ndiyo inayozaa huo unga.

Nenda duka la spea ununue maji ya betri. Maji, siyo asidi, mwambie muuzaji vizuri! Ya bomba hapa Dodoma yaache, si unaona ukoko mweupe kwenye birika? Loweka kwenye bakuli la glasi au plastiki, badilisha maji kila siku mpaka yasichafuke tena. Udongo ukilainika, tumia kijiti cha meno, na penye ugumu mwiba wa mgunga, chini ya lenzi. Ulaze mwiba, usichome. Donge likigoma, rudisha majini, hakuna anayekufukuza. Ukishasoma maandishi, acha hapo hapo hata kama udongo umebaki pembeni.

Mama_Pacha: Kaka, na mafuta ya zeituni? Kuna video nimeona wanaloweka miezi.

Fundi_Saa_Dom: Dada, nayo yana asidi kidogo, ukiyaacha miezi yanakula polepole. Maji yanatosha.

Zile mbili za unga zitenge, huo ni ugonjwa wa shaba. Ng'oa unga kwa kijiti (usiuvute puani), loweka kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, kausha kabisa, kisha hifadhi kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Kiangazi chetu kinakusaidia. Ukizipeleka Tanga na ule unyevu wa pwani, unga unaweza kuanza upya.

Hiyo kubwa ni rupia, na huyo wa kofia ni Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani wa enzi hizo. Weusi wa fedha uache. Dawa ya meno inakwaruza, na mikwaruzo haifutiki.

Dili_Safi: Hiyo yenye ndege njoo inbox, nina mzungu ananunua kwa mamilioni.

Mama_Pacha: Haya, matapeli wa rupia wameshafika 😂

Mzee_wa_Kondoa: Kijana, sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo heller zako ni za juzi. Ila mafundi wakikuta vipande vya vyungu au sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu kama zile za masultani wa Kilwa, simamisheni jembe muwaite wahusika. Na angalia kama kuna ya heller 20 yenye herufi T. Hizo zilipigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, sarafu kutoka Ulaya zilipokuwa haziingii.

Mjukuu_Mpwapwa: Shikamoo mzee, asante. Mrejesho: baba mkubwa amekubali kwa shingo upande, stiliwaya imerudi jikoni kwenye masufuria. Ya T sijaiona. Ila moja iliyolowekwa imeanza kuonyesha kiherufi J.

Mzee_wa_Kondoa: Marahaba. J maana yake imepigwa Hamburg. Ungekuta A, hiyo Berlin.

Bodaboda_AreaC: Kwa hiyo ndimu hata kidogo hapana?

Fundi_Saa_Dom: Kamulia supu.