Ushauri: kufunga na kufungua wavu wa usalama chini ya paa, nani apande na aanzie wapi?

Kenchi_Mbili
Wakuu, habari za kazi. Nasimamia kikosi cha mapaa. Mbele yetu kuna ghala la fremu ya chuma litakaloezekwa bati, na kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ni kama mita tisa. Mhandisi ameagiza wavu wa usalama utandazwe chini ya paa lote kabla bati la kwanza halijapanda. Hilo nimelifurahia. Tatizo ni mkandarasi mkuu: anataka vijana wangu ndio waufunge na ndio waufungue, eti kwa kuwa wameshazoea kukaa juu.

Sasa nauliza. Anayefunga wavu analindwa na nini wakati wavu wenyewe bado haujakaa? Unakazwa kiasi gani? Na siku ya kuutoa, je, mtu anaweza kutembea juu ya boriti akifungua kamba moja moja, au kuingia wavuni kabisa? Kijana wangu mmoja anadai ameona ikifanywa hivyo saiti nyingine.

Nondo16
Mbona jambo dogo hili mkuu. Vijana wavae mikanda, wafunge kona nne, wavute mpaka ukaze kama ngoma. Kutoa ndiyo rahisi zaidi, kata kamba uanguke chini.

Dada_Usalama
Nondo16, hapana ndugu yangu. Wavu humwokoa mtu kwa kunepa. Ukiukaza hivyo, mtu atapokewa kwa kishindo, na nguvu yote itakwenda kwenye kamba na pale zilipofungwa. Ukilegea mno nao utamfikisha sakafuni, au juu ya rundo la bati mlilopanga chini yake. Mnepo unaotakiwa umo kwenye maelekezo ya mtengenezaji. Kuna watu hupima mnepo vizuri kabisa, halafu wiki inayofuata wanaegesha trela papo hapo chini.

Na habari ya kukata kamba uanguke sitaijadili.

Mtega_Nyavu
Kenchi_Mbili, nafanya kazi hii ya kufunga nyavu, ngoja nieleze kwa kirefu.

Kwanza, kuzoea kukaa juu si ujuzi wa kufunga wavu. Mwezekaji hufanya kazi akiwa juu ya paa, sisi tunafanya kutokea chini. Mfungaji hupanda kwa mashine ya kuinua watu, ile yenye kikapu, na mkanda wake umefungwa kwenye kikapu kwa kamba fupi. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni hilo: wavu haumlindi anayeufunga hata kidogo. Mpaka kamba ya mwisho ifungwe, ukaguliwe na mtu atie sahihi ya makabidhiano, uhesabu kama haupo, na asionekane mtu juu ya sehemu hiyo. Mashine nayo inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Kama zege la sakafu halijamwagwa, lizungumzeni hilo kwanza. Pale mashine isipofika wanaingia watu waliofunzwa kufanya kazi wakining'inia kwenye kamba, na hao si vijana wako.

Pili, mahali pa kufungia. Utaratibu wa Ulaya, EN 1263, unataka nafasi kati ya kamba moja ya kuning'inizia na nyingine isizidi mita 2.5, na kila sehemu ya kufungia ihimili angalau kilonewtoni 6, yaani kama uzito wa kilo 600. Mhandisi ndiye wa kusema ni boriti ipi inafaa. Usifunge kwenye pao nyembamba, bomba, wala trei ya nyaya za umeme. Kingo kali za chuma zifunikwe, maana kamba ikisuguliwa hukatika polepole bila mtu kujua. Nyavu mbili zikikutana zishonwe kwa kamba ya kuunganishia, nafasi isizidi milimita 100 popote. Msiposhona, zipishane mita 2 au zaidi.

Wavu ukae karibu na miguu ya mwezekaji kadiri inavyowezekana. Kwa EN mtu asiporomoke zaidi ya mita 6, na Marekani kanuni za OSHA, mamlaka yao ya usalama kazini, zinaruhusu wavu kuwa chini yake kwa mita 9.1 mwisho. Mimi sivutiwi na namba hizo kubwa. Mkiwa na boriti nzuri pale pale chini ya paa, fungeni hapo.

Kabla ya kupandisha chochote soma lebo. Wavu usio na lebo urudishwe. Kwenye wavu kuna vipande vya majaribio vilivyofumwa kwa uzi ule ule, na kila mwaka kimoja hupelekwa kupimwa kuona jua limekula nguvu kiasi gani. Kwa macho hutajua.

Kenchi_Mbili
Nashukuru sana mkuu. Na kuutoa?

Mtega_Nyavu
Hapo ndipo watu hulegeza, kwa sababu paa limekwisha na kila mtu anataka kuhama. Hakikisha kwanza juu hakuna kazi iliyobaki, hata ya skrubu moja. Kisha wavu usafishwe: vipande vya bati, skrubu, spana iliyosahaulika, vyote vitolewe kutokea kwenye kikapu. Zungushia uzio eneo la chini, asipite mtu. Fungueni upande mmoja mkiushusha taratibu kwa kamba, kisha upande wa pili. Kona ziwe za mwisho.

Kutembea juu ya boriti ukifungua, hapana. Kila kamba unayofungua inakuondolea kinga uliyokuwa unaitegemea. Kuingia wavuni, ndiyo kabisa usikubali.

Zege_Mbichi
Kwenye kusafisha naongezea. Daraja la Golden Gate kule San Francisco, Marekani, lilipojengwa kulikuwa na wavu chini ya wajenzi, na uliokoa watu 19. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi liliporomoka na watu wakiwa juu yake, likapasua wavu huo huo, na 10 walikufa. Wavu wa kudaka watu usiugeuze stoo ya vifaa. OSHA inataka kilichoangukia humo kitolewe mapema, angalau kabla ya zamu inayofuata kuanza.

Dada_Usalama
Na muamue mapema, mtu akidondokea wavuni atatolewaje. Mashine iwepo saiti muda wote wa kuezeka, na awepo anayeijua kuiendesha. Akishatolewa, kazi juu ya wavu huo inasimama mpaka ukaguliwe upya. Vilevile baada ya kuchomelea karibu nao, kwa sababu cheche hutoboa uzi na ukiwa chini huoni kitu.

Kenchi_Mbili
Wakuu, mmenifungua macho kwenye jambo ambalo mkandarasi hajaligusa. Kwa ratiba yake, wiki tunayomaliza paa ndiyo kuta za ndani zinapanda na mwenye ghala anaingiza mashine zake. Wavu utakuwa bado juu. Hicho kikapu kitapita wapi?

Mtega_Nyavu
Hakitapita. Ndiyo maana unaona watu wanatembea juu ya boriti na kisu mkononi, si kwamba ni wajinga, njia ya chini iliishafungwa. Mwambie sasa hivi kabla hamjasaini: paa likamilike ghuba kwa ghuba, yaani nafasi kati ya fremu moja na inayofuata, wavu wa kila ghuba ushushwe mara ghuba hiyo ikimalizika kuezekwa na kukaguliwa, ndipo ukuta uingie. Ghuba mnayoifanyia kazi na ile inayofuata zibaki na wavu. Asipokubali kubadili ratiba, basi aandike kwenye mkataba ni nani atakayeutoa na kwa mashine gani.

Nondo16
Mimi nimekubali yaishe. Swali moja: ukishashushwa unaweza kukunjwa na kutumika ghala lingine?

Mtega_Nyavu
Unaweza, kama lebo ipo na muda wa kipimo haujapita. Ukaushwe kivulini, ukaguliwe uzi na kamba za pembeni, uwekwe pakavu pasipo jua, mbali na mafuta, asidi na joto. Ukikuta umekatika usifunge fundo mwenyewe, ukarabati ni wa mtengenezaji au aliyefunzwa naye.

Kenchi_Mbili
Nimemtumia mkandarasi hoja ya ghuba kwa ghuba kwa maandishi, nakala kwa mhandisi. Kufunga na kufungua nimeandika si kazi ya kikosi changu, atafute wafungaji wenye cheti. Vijana wangu watapanda baada ya kuona karatasi ya makabidhiano.