Tupeane uzoefu: dalili za mwanzo za skizofrenia (maradhi ya akili ya kusikia na kuamini yasiyokuwepo), na lile jina mlilipokea vipi?

Mkaazi wa Wete
Asalaam alaykum jamani. Nina mdogo wangu yuko skuli, kidato cha tano, simwelewi siku hizi. Wenye uzoefu nyumbani kwao, mlianza kuona nini? Na dakta alipotaja skizofrenia, mliitikia tu au mliuliza? Sitafuti wa kunitibia hapa, nataka kusikia.

Binti Chake
Waalaykum salaam. Kaka yangu hakuanza kwa makelele. Alianza kwa kuikimbia baraza. Kila alasiri alikuwa mtu wa bao na kahawa, kidogo kidogo hataki mtu, sisi tukasema kakua, kawa mpole. Usiku halali, yuko uani anazunguka. Kisha akawa hali chakula kilichofunikwa kawa, mpaka akione kinapakuliwa. Redio akaitupia kanga ya mama, ati mtangazaji anamsema yeye. Hapo tukashtuka. Alisomewa, akanywa kombe, na shehe yule yule aliyemsomea ndiye aliyetwambia: sasa mpelekeni hospitali.

Mie Mwenyewe
Mimi ndiye mgonjwa, niko Unguja. Nilisikia watu wawili wananijadili, mmoja ananitetea, mwengine ananitukana, nami nimekaa ndani ya gari la Fuoni nimenyamaza kimya. Aliyekaa pembeni yangu hakujua lolote. Kwa hiyo msisubiri mtu avue nguo barabarani ndipo mseme anaumwa.

Jina nililopewa mwanzo ni hilo hilo, skizofrenia, baada ya mazungumzo mafupi mno. Nikapewa haloperidol, dawa ya kutuliza sauti hizo. Siku chache baadaye shingo ikapinda upande, macho yakanipanda juu hayashuki, nyumbani wakapiga ukelele kuwa jini limenipanda. Kumbe ni dawa! Nilipigwa sindano, shingo ikarudi, nikaongezewa benzhexol, dawa ya kuzuia shingo isipinde tena.

Baadaye sana dakta mwengine akamuuliza mama swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: kabla ya sauti, alikuwaje? Mama akaeleza zile wiki nilizokuwa silali wala sichoki, nagawa pesa, nasema nitanunua boti. Jina likageuka, likawa baipola, maradhi ya akili ya kupanda na kushuka kwa hisia, na dawa zikageuka. Lakini sikuacha dawa kwa hasira huku nikibishana na jina. Hilo nalisema kwa mkazo.

Nesi wa Zamu
Nyongeza. Hakuna kipimo cha damu kinachosema hii ni skizofrenia. Damu hupimwa ili kuondoa mengine: malaria iliyopanda kichwani, kaswende, VVU, tezi la shingo. Kifafa na bangi navyo lazima viulizwe. Mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, DSM-5, unataka dalili ziwe zimedumu miezi 6, ule wa Shirika la Afya Duniani unatosheka na mwezi 1. Basi mtu mmoja, kwa hali ile ile, aweza kupewa jina huku na kunyimwa kule. Kuuliza "umeonaje mpaka ukasema hivi?" si utovu wa adabu.

Mara nyingi huanza mwisho wa ujana au miaka ya 20 na kitu, wanawake huchelewa kidogo. Ila kijana kujitenga na kukosa usingizi peke yake hakutoshi, wengi ni mitihani au mapenzi. Mtazameni na alivyokuwa yeye, msimpime kwa mtoto wa jirani.

Mchuma Karafuu
Bibi yetu kule Micheweni alikuwa na rubamba, pepo wa Kipemba. Ngomani anasema na asiyeonekana, anataka hiki na kile, asubuhi yuko mkarafuuni kabla yetu. Shamba haliharibiki, watoto wanakula. Leo angekutana na dakta mwenye haraka angeandikiwa nini? Mimi sipingi hospitali, mwanangu mwenyewe anahudhuria kliniki na anaendelea vizuri. Nasema tu dakta aulize mtu anatoka nyumba gani.

Mkaazi wa Wete
Nashukuru sana. Wangu naye kaanza hilo la chakula, anakula mikate ya dukani tu. Tatizo hataki kusikia habari ya dakta. Mlimpelekaje?

Binti Chake
Hatukumwambia twende ukatibiwe kichwa, angetukimbia. Tulimwambia twende ukatafutiwe usingizi, maana hilo hata yeye lilikuwa linamkera. Akavaa viatu mwenyewe. Na nenda na mtu anayemjua tangu mdogo, ndiye atakayeulizwa mengi.